Saa ya Beit al-Ajaib

Riwaya yangu ya kwanza (bado haijaisha, msinicheke) inaanza saa tatu kamili asubuhi, Alhamisi ya tarehe 27 Agosti 1896, chini ya mnara wa saa, pwani ya Unguja mjini. Waingereza walikuwa wamempa Sayyid Khalid bin Barghash hadi saa hiyo ashushe bendera na kutoka kwenye kasri. Akakataa katakata. Dakika mbili tu, manowari zikaanza kupiga mizinga. Kabla ya saa nne vita vimekwisha! Dakika 38, wengine husema 45.

Mnara ule, ambao pia ulikuwa taa ya kuongozea meli, uliharibika vibaya. Lakini nyuma yake Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, halikuumia sana. Basi katika matengenezo ya 1897 mnara mpya wa saa ukajengwa kwenye jumba lenyewe, upande wa mbele unaotazama bahari.

Saa za minara za enzi zile hazikujua betri. Chuma kizito kinaning'inia kwenye kamba, kikishuka polepole kinazungusha magurudumu ya meno, na kikifika chini lazima mtu apande akakivute upya. Mhusika wangu mkuu ndiye huyo mpandaji.

Tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katika ukarabati, sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara. Mafundi wawili walifariki. Mimi nilikuwa bado nadunduliza nauli ya boti nikauone. Sura ya pili nimeiandika kwa kutazama picha.