Springi za kurekebishwa zikishika kutu, nguvu si dawa

MAGARI mengi yanayotumika katika miji ya Afrika Mashariki hushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika nchini Japani. Baadhi yake, hasa yale yaliyokuwa ya vijana wapenda mbio, huja yakiwa yameondolewa springi na shokapu za kiwandani na kufungwa za aina nyingine, zinazomwezesha mwenye gari kulishusha au kuliinua apendavyo.

Huko lilikotoka, gari la namna hiyo huwa limeshushwa sana. Kanuni za Japani hutaka nafasi kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya gari isipungue sentimita 9. Kwenye lami laini kimo hicho kinatosha, lakini tuta la sentimita 10 linatosha kukwangua ekzosi au sampu ya injini. Hapo ndipo mmiliki mpya anapotaka gari liinuliwe, na hapo ndipo fundi anapogundua kwamba ringi za kurekebishia zimeshika kutu na hazizunguki.

Tatizo hilo si la urembo wa gari. Ringi iliyoshika ikilazimishwa kwa tindo na nyundo huharibika, na ikichomwa kwa moto wa gesi inaweza kuleta maafa.

Jinsi zinavyofanya kazi

Katika shokapu za aina hii, mwili wa shokapu umechongwa hesi kwa nje, mfano wa meno ya bolti kubwa. Springi hukalia ringi inayozunguka juu ya hesi hizo. Ringi ikipandishwa, gari huinuka. Ikiteremshwa, gari hushuka. Chini yake huwapo ringi ya pili, ambayo kazi yake ni kukaza ya kwanza isilegee wakati gari linatembea.

Ipo pia aina ambayo kimo hurekebishwa kwa kuzungusha mwili mzima wa shokapu ndani ya kikombe cha chini kinachofungwa kwenye mguu wa gari. Faida yake ni kwamba kimo hubadilika bila kuikaza wala kuilegeza springi. Hasara yake ni kwamba kikombe hicho hukusanya maji na matope, na hesi zilizo ndani yake hazionekani wala hazisafishiki kwa urahisi.

Kwa nini hushika

Sababu ya kwanza ni uchafu. Mchanga na vumbi hujaa katikati ya hesi na kukauka kama saruji. Sababu ya pili ni kutu ya kawaida ya chuma.

Sababu ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Mara nyingi ringi hutengenezwa kwa alumini na mwili wa shokapu kwa chuma. Madini mawili tofauti yakigusana penye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yake na alumini huanza kulika. Unga mweupe unaotokana na kulika huko huchukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, hivyo huibana ringi kana kwamba imechomelewa.

Chumvi hiyo hutoka pande mbili. Katika sehemu za Japani zenye theluji, chumvi hunyunyizwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na gari lililotumika huko huweza kufika likiwa tayari limeathirika. Likifikia Tanga, Unguja, Dar es Salaam au Mombasa, hukutana na hewa ya bahari.

Usalama kwanza

Gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yanayobaki chini yawekewe vizuizi, kisha liinuliwe na kukalishwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Gurudumu liachwe lining'inie ili springi ipunguziwe mzigo, kwa sababu ringi yenye mzigo wa gari juu yake haiwezi kuzunguka vizuri hata ikiwa mpya.

Jambo la kukumbukwa na kila fundi ni kwamba nati ya katikati, iliyo juu kabisa ya shokapu, haifunguliwi kama springi ingali imebanwa. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua. Kazi hiyo hufanywa kwa kifaa maalumu cha kubania springi.

Hatua za kuifungua

Kabla ya kugusa chochote, mahali ringi ilipo pawekewe alama ya rangi, na umbali kutoka ringi hadi mwisho wa hesi upimwe kwa rula pande zote mbili za gari na kuandikwa.

Hatua inayofuata ni kusafisha. Hesi zioshwe kwa maji ya sabuni na brashi ngumu, zikaushwe, kisha zisuguliwe kwa brashi ya waya laini hadi meno yaonekane. Wengi huiruka hatua hii, na matokeo yake ringi hulegea nusu mzunguko, husukuma mchanga mbele yake na kukwama tena, safari hii vibaya zaidi.

Baada ya hapo hupuliziwa mafuta mepesi ya kupenyeza kutu, juu na chini ya ringi, na kuachwa usiku kucha. Kesho yake hupuliziwa tena. Ringi iliyokaa miaka mingi huweza kuhitaji siku mbili au tatu. Muda ndio unaofanya kazi, si mkono.

Ringi ya kukaza ndiyo hulegezwa kwanza. Zitumike spana mbili za ndoano zinazoenea barabara kwenye mitaro ya ringi: moja ishike ringi ya juu, nyingine izungushe ya chini kuelekea upande wa kuachana. Ikigoma, ringi igongwe taratibu kuizunguka kwa kipande cha shaba au mti mgumu, ili mtikisiko uvunje unga wa kutu. Ikikubali kidogo, irudishwe nyuma, iongezwe mafuta, iendelezwe tena. Kwenda mbele na kurudi husafisha hesi.

Joto na mipaka yake

Alumini ikipashwa moto hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Ndiyo maana ringi ya alumini iliyoshika kwenye chuma huweza kuachia ikimwagiwa maji ya moto. Hilo linatosha.

Moto wa gesi usitumike kamwe. Ndani ya shokapu mna oili, na aina nyingi zina naitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa. Moto huunguza sili za mpira, huweza kuwasha mafuta yaliyopuliziwa, na huweza kuipasua shokapu mbele ya uso wa fundi.

Ikishindikana kabisa, shokapu itolewe kwenye gari na springi iondolewe kwa utaratibu uliotajwa, kisha ringi ikatwe kwa msumeno wa chuma na kuishia kabla ya kufikia hesi, halafu ipasuliwe na kufungwa nyingine ya kipimo kilekile. Ringi ni kitu kidogo. Mwili wa shokapu ukikatwa, kilichopotea ni shokapu nzima. Aidha, fimbo inayong'aa ya shokapu isibanwe kwenye jiliwa wala kushikwa kwa koleo, kwani mkwaruzo mmoja hukata sili na oili huanza kuvuja.

Baada ya kuinua

Kimo cha kushoto na kulia kiwe sawa. Katika aina ya kikombe, hesi zinazobaki ndani zisipungue kipimo kilichowekwa na mtengenezaji, vinginevyo kikombe huweza kuchomoka barabarani. Paipu za breki zikaguliwe kama hazijavutika, na usukani uzungushwe hadi mwisho kuhakikisha tairi hazigusi.

Kubadili kimo hubadili pia mkao wa magurudumu. Gari lipelekwe kupimwa alaimenti, la sivyo tairi zitalika upande mmoja. Taa za mbele nazo zipangwe upya zisiwapofushe wanaokuja. Baada ya kutembea siku chache, ringi za kukaza na nati za magurudumu zikaguliwe tena.

Matunzo

Shokapu nyingi za aina hii zina kitasa kidogo cha kurekebisha ugumu. Nacho hushika kutu. Kisizungushwe kwa koleo. Kipuliziwe mafuta kidogo, kisubiriwe, kisha kizungushwe kwa vidole huku mibonyeo ikihesabiwa.

Kwa hesi, grisi ya kawaida si rafiki, maana hunasa mchanga. Kinachofaa ni kilainishi cha aina ya nta au kinachokauka, kipakwe juu ya hesi safi. Mfuniko wa kitambaa husaidia, lakini ufunguliwe mara kwa mara kwa kuwa unyevu ukijifungia ndani hudhuru kuliko mvua.

Mwenye gari anayeishi karibu na bahari afanye desturi ya kuosha sehemu hizo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kila gari linapofanyiwa sevisi ringi zizungushwe kidogo na kurudishwa penye alama yake. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa kila gurudumu, na ringi inayozungushwa mara kwa mara haipati nafasi ya kushika.