Chaguo-Msingi kama Suala la Kihistoria: Badiliko la Zana ya Maven, 2014–2021

Takwimu za wagonjwa zinazoandikwa katika vitabu vya MTUHA mjini Katoro, mkoani Geita, huishia katika DHIS2, mfumo wa kompyuta uliosambazwa Tanzania Bara nzima kufikia 2013. Mfumo huo, wenye chimbuko katika Chuo Kikuu cha Oslo, umeandikwa kwa lugha ya Java na hujengwa kwa zana iitwayo Maven. Wakati wa kugeuza msimbo chanzo kuwa programu, Maven hupakua yenyewe vipande vilivyoandikwa na watu wengine kutoka hazina ya Maven Central. Insha hii inachunguza njia ya upakuaji huo, na inadai kwamba usalama uliokuwa wa hiari haukuwafikia wengi hadi ulipofanywa chaguo-msingi, yaani hali inayofuatwa pale mtumiaji asipoagiza lolote.

Hadi 2014, chaguo-msingi lilikuwa HTTP, njia isiyo na usimbaji fiche. Njia salama ya HTTPS ilikuwapo, lakini kwa waliotoa mchango wa fedha. Mwezi Julai mwaka huo, Max Veytsman alionyesha hadharani kwamba mtu aliyejipenyeza kwenye mtandao angeweza kubadilisha kipande kikiwa njiani, na mjenzi asitambue. Mwezi uliofuata, kampuni ya Sonatype, inayoendesha hazina hiyo, iliifungua HTTPS kwa wote, na toleo la Maven 3.2.3 likaifanya kuwa chaguo-msingi.

Hata hivyo, badiliko hilo halikugusa anwani za HTTP zilizokwisha kuandikwa ndani ya miradi yenyewe. Mwaka 2019 Jonathan Leitschuh alibainisha kuwa miradi mingi mashuhuri ilikuwa bado na anwani hizo. Takriban robo ya upakuaji kutoka Maven Central ilipitia HTTP. Tarehe 15 Januari 2020 hazina hiyo ilikataa HTTP kabisa. Miradi ambayo haikurekebishwa ilishindwa kujengwa. Mwezi Aprili 2021, Maven 3.8.1 ilizuia kwa chaguo-msingi hazina zote za nje zinazotumia HTTP.

Toleo hilo halikumnyima mjenzi uamuzi, kwani kizuizi kinaweza kuondolewa. Kilichogeuzwa ni mzigo: awali aliyetaka usalama ndiye aliyepaswa kuuomba; sasa anayetaka hatari ndiye anayepaswa kuiandika kwa mkono wake.

Kwa hiyo, chaguo-msingi si jambo dogo la kiufundi, bali ni uamuzi unaofanywa kwa niaba ya wasiokuwapo. Mhudumu wa afya wa Katoro anayejaza kitabu cha MTUHA hajawahi kuulizwa kuhusu HTTP, wala hana sababu ya kuijua. Ndiyo maana waamuzi wake wanastahili kuchunguzwa na mwanahistoria.