Kompyuta 40, Apdeti Moja

Wasee wakiongea kuhusu vile Asia ilitawala gemu, hadithi ni ile ile. Korea Kusini ilipata intaneti ya kasi mapema, StarCraft ikatoka 1998, vijana wakajazana kwenye vyumba vya kompyuta, mabingwa wakazaliwa. Sikatai. Lakini kuna mtu huachwa nje ya hiyo hadithi kila mara: jamaa wa zamu ya usiku, yule anayebaki na kompyuta 40 wachezaji wakienda kulala. Mimi naona historia ya vyumba vya gemu ni historia ya kazi yake, na sehemu ngumu ya kazi yake ni apdeti.

Tupige hesabu kidogo. Gemu moja imetoa apdeti ya GB 40. Siku hizi hiyo si ajabu, uliza mtu yeyote wa Call of Duty. Uko na intaneti ya Mbps 100, na tuseme inafika yote, jambo ambalo sisi Wakenya tunajua ni ndoto. Kompyuta moja itashusha hiyo kitu kwa karibu dakika 55. Kompyuta 40 zikigawana hiyo laini ni zaidi ya saa 35. Siku nzima na nusu, gemu moja tu, na wateja wako mlangoni wanauliza kama mmefungua.

Suluhisho la hii shida lilikuwepo kabla shida yenyewe izaliwe, na halikutengenezewa gemu. Miaka ya 1980 diski ilikuwa kitu cha bei. Kampuni ya Sun Microsystems kule California ilikuwa inauza kompyuta za maofisi na vyuo, kama ile Sun-3/50, ambazo zingeweza kufanya kazi bila diski ndani. Mafaili yote yanakaa kwa seva, kompyuta inayasoma kupitia kebo. Sun walikuwa wametengeneza mfumo wa kufanya hivyo, NFS, mwaka 1984. Mwaka uliofuata, Bill Croft na John Gilmore wakaandika utaratibu unaoitwa BOOTP. Kwa lugha ya mtaa, BOOTP ni hivi: kompyuta inaamka haijui chochote, hata jina lake. Inapiga kelele kwenye kebo, "Mimi ni nani?" Seva inajibu, "Wewe ni fulani, anwani yako ni hii, enda chukua faili lile uwake nalo." Basi. Baadaye Intel wakaweka hayo mazungumzo ndani ya kadi za mtandao za PC za kawaida, wakayaita PXE, na kufikia 1999 toleo la 2.1 lilikuwa limetoka. Kutoka hapo, karibu kompyuta yoyote ya bei nafuu ingeweza kuwaka bila diski. Ni vile tu hakuna mtu mwenye chumba cha gemu alikuwa anawaza hivyo bado.

Korea yenyewe ilianza na diski kwa kila mashine. Uchumi ulianguka mwishoni mwa 1997, watu wengi wakafutwa kazi, na baadhi yao wakatumia akiba kufungua PC bang. "Bang" kwa Kikorea ni chumba. Kufikia 2001 zilikuwa zaidi ya 20,000. Zamani hizo StarCraft nzima ilitoshea kwenye CD moja, kwa hivyo diski kila mahali haikuwa noma sana. Tatizo lilikuja na gemu za mtandaoni kama Lineage, zenye dunia inayobadilika kila mara. Hizo hazikubali ucheze na toleo la zamani. Huna apdeti, huna mteja.

China ndiyo napenda zaidi kwenye hii stori. Wenye wangba, ndivyo wanaita saiba zao, walikuwa na adui mwingine: virusi. Kila mteja alikuja na takataka zake. Wakaanza kuchomeka ndani ya kompyuta kadi ambayo kila ukizima na kuwasha inarudisha diski vile ilikuwa mwanzo. Kama ulitumia saiba za hapa Kenya unajua kitu kama hicho, Deep Freeze. Unaandika CV yako, unaihifadhi pale mbele, stima inapotea, ikirudi CV imeenda mbinguni. Sasa fikiria: hiyo kadi haijui tofauti kati ya virusi na apdeti. Vyote inafuta. Kwa hivyo jamaa wa usiku analazimika kufungua ulinzi mashine moja baada ya nyingine, aweke apdeti, afunge tena. Halafu 2007 kikaja kirusi Wachina walichokiita Mbwa wa Roboti, kwa sababu ya ile picha ndogo ya faili lake. Kilijua kupenya chini ya zile kadi na programu za kurudisha diski na kubaki hata baada ya kuzima. Kumbe ukuta wenyewe ulikuwa na mlango.

Hapo hoja ya kutoa diski kabisa ikawa na uzito. Programu za kuendesha mfumo huo zikaenea wangba, halafu Vietnam, Ufilipino na Indonesia. Moja inayojulikana nje ya China ni CCBoot, ya Youngzsoft, hao hao wa CCProxy. Korea nao wakahamia huko, wanauita "no hard".

Utamu wake ni huu. Kwenye seva kuna nakala mama ya Windows, na diski nyingine ya gemu. Mashine zote 40 zinasoma hapo hapo. Chochote mteja anachobadilisha, hata akiwa na virusi, kinaandikwa pembeni kwenye sehemu ya muda ya seva, na akizima kinafutwa. Kukiwa na apdeti ya gemu, seva inashusha mara moja tu. Kukiwa na apdeti ya Windows, unachagua kompyuta moja, unaipa ruhusa ya kuandika kwenye nakala mama, unamaliza, unaondoa ruhusa. Zile 39 zikiwaka tena zinaamkia toleo jipya. Zile saa 35 zimekuwa dakika 55. Huyo jamaa anaweza kwenda kulala.

Ama hapana, kwa sababu sasa programu yenyewe inataka apdeti. Intel walipotangaza wataacha ule mtindo wa zamani wa kuwasha kompyuta kufikia 2020, mifumo hii ilibidi ijifunze UEFI. Valorant ikatoka 2020 na mlinzi wake Vanguard, anayeamka pamoja na Windows kabla hata hujagusa gemu, na kwenye Windows 11 anadai TPM na Secure Boot. Jaribu kumweleza mlinzi kama huyo kwamba hii kompyuta haina diski.

Na kuna kitu hakisemwi sana. Ukishika nakala mama, umeshika viti vyote. Shunwang ya Hangzhou ilijenga biashara kubwa juu ya programu za kusimamia gemu na apdeti kwenye wangba, na sehemu kubwa ya pesa ikatoka kwa matangazo yanayoonekana na aliyeketi pale. Mwaka 2010 ikaingia soko la hisa la Shenzhen. Wezi nao walielewa. Mwaka 2025 AhnLab ya Korea iliripoti mtu aliyekuwa anawinda mashine zenye programu za usimamizi wa PC bang, anapanda humo programu ya kuchimba sarafu za kidijitali. Kadi nzuri za picha, stima inalipwa na mwingine. Manze, ukiwa mwizi ungeenda wapi kwingine?

Hapa kwetu kebo za SEACOM na TEAMS zilifika 2009, saiba zikanona kidogo, halafu simu zikazila. Gemu ikabaki kwa base za PlayStation. Na angalia base yoyote: PS nne au sita, kila moja na diski yake, kila moja inashusha apdeti yake, kwa bando ya mtu mmoja. Ndiyo maana unaenda Jumamosi unaambiwa hiyo moja bado iko asilimia 60. Ni ile shida ya wangba, na PS huwezi kuitoa diski ukaifunga kwa seva yako.

Kwa hivyo nikisikia mtu anataka kufungua chumba cha PC gemu Nairobi na anaanza kunionyesha viti na taa za rangi, mimi namuuliza seva itakaa wapi na nani atakuwa na pasiwadi yake. Halafu namuuliza kuhusu UPS. Maana kwa huu mfumo stima ikikata seva sekunde moja, hauna mteja mmoja aliyekasirika, uko nao 40, wote katikati ya mechi.