Herufi za Mapambo na Sauti ng': Historia ya Sura ya Kiswahili Kilichochapwa na Funzo Lake kwa Rwanda

1.0 Utangulizi

Historia ya Kiswahili imeandikwa mara nyingi kwa kufuata sarufi, fasihi na sera. Sura ya herufi zilizotumika kukichapa haijapewa uzito huo, ingawa ndiyo ambayo jicho la msomaji hukutana nayo kwanza. Makala hii inajadili herufi zenye vikia, yaani zile ambazo ncha za mistari yake huishia kwa vijistari vidogo, hasa zile nzito zilizobuniwa kwa ajili ya mapambo na vichwa vya habari. Hoja yetu ni kwamba herufi hizo ziliundwa kwa mahitaji ya lugha nyingine, na kwamba Rwanda, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, inaweza sasa kuzichagua kwa kigezo cha Kiswahili chenyewe.

2.0 Kutoka London hadi Zanzibar

Mfano bora wa herufi hizo ni Clarendon, iliyotolewa mwaka 1845 na kiwanda cha Fann Street cha Robert Besley, London. Vikia vyake ni vinene na huungana na shina kwa mkunjo. Sheria ya Uingereza iliilinda kwa miaka mitatu tu. Baada ya hapo viwanda vingine viliiga. Ilitumika kwa kazi mbili: kuvuta macho katika matangazo, na kukoleza neno ndani ya matini ya kawaida. Matumizi haya ya pili ndiyo asili ya desturi ya kuchapa vidahizo vya kamusi kwa herufi nzito, desturi tunayoiona hata katika *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya mwaka 1981.

Askofu Tozer na Edward Steere walipofika Zanzibar mwaka 1864, uchapaji ulikuwa miongoni mwa kazi za misheni yao, na mwaka 1888 jarida la *Msimulizi* lilianza Kiungani. Waswahili walikuwa tayari na maandishi yao kwa hati ya Kiarabu, isiyo na herufi kubwa wala vikia. Kwa hiyo hati ya Kirumi ilikuja na zaidi ya alfabeti. Ilileta pia namna mpya ya kuonyesha lipi kubwa na lipi dogo katika ukurasa.

3.0 Kigali na urithi wa Wajerumani

Kigali ilianzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, wakati Kiswahili kilipokuwa lugha ya utawala wa Kijerumani katika Afrika Mashariki. Wajerumani walikuwa na mitindo miwili: Fraktur, yenye mikunjo iliyovunjika, na Antiqua, yenye vikia vya Kirumi. Desturi yao ilikuwa kuchapa lugha za kigeni kwa Antiqua. Kiswahili kilinufaika na desturi hiyo, kwani k ya Fraktur inakaribia t, na hakuna ukurasa wa Kiswahili usiojaa k na t.

4.0 Kasha la herufi

Wauzaji wa herufi za risasi walipanga idadi ya kila herufi kwa kufuata lugha ya mnunuzi. Katika Kifaransa, k na w hupatikana karibu katika maneno ya mkopo pekee. Katika Kiswahili hazikwepeki. Tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwa herufi za mapambo, zilizouzwa kwa seti ndogo. Neno moja, HAWATAKAMATWA, linahitaji A sita. Mchapaji mwenye seti ya A tano hana budi kubadili kichwa cha habari au kuchanganya mitindo. Hivyo mpaka wa kasha ungeweza kuwa mpaka wa msamiati.

5.0 Alama ya ng'

Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili bila herufi maalumu. Herufi ŋ, iliyopendekezwa na Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, haikuchukuliwa, ikabaki ng'. Uamuzi huo ulikiwezesha Kiswahili kuchapwa kwa karibu mtindo wowote, lakini ulikabidhi maana kwa alama ndogo. Kung'oa na ngoa (wivu) hutofautishwa nayo.

Nchini Rwanda jambo hili lina uzito wa pekee. Katika Kinyarwanda, kama katika Kifaransa, alama hiyohiyo huonyesha irabu iliyodondoshwa, kama katika *y'u Rwanda*. Mwanafunzi wa Kigali anayekutana na *ng'ombe* anaweza kuisoma kwa kanuni ya lugha yake ya kwanza. Fonti ya mapambo inayoigeuza alama hiyo kuwa kijidoti, au kuitenga mbali na g, humwongezea mzigo. Katika kompyuta, alama hiyo huandikwa kwa misimbo angalau mitatu. Neno lililohifadhiwa kwa mmoja huenda lisipatikane kwa kutafutwa kwa mwingine.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Hatupendekezi kuachwa kwa herufi za mapambo. Zina mahali pake katika vyeti, majalada na mabango. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vitabu vya wanaoanza kusoma vitumie mtindo mmoja ulio wazi, na mapambo yaishie jaladani. Pili, kabla ya fonti yoyote kuidhinishwa, ijaribiwe kwa maneno yenye ng', kwa herufi ndogo na kubwa. Tatu, nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zikubaliane kuhusu msimbo mmoja wa alama hiyo. Gharama yake ni ndogo, nayo faida itaonekana kwa mtoto anayesoma *ng'ombe* na kuitamka ipasavyo mara ya kwanza.