Mabaki Waliookoka

Katika Kiebrania cha vitabu vya kale limo neno She'erit Hapletah, ambalo maana yake ni mabaki ya waliookoka, na ndilo jina walilojiita Mayahudi walionusurika na mauaji ya Wanazi, walipokusanywa katika kambi za Ujerumani, Austria na Italia baada ya vita kwisha mwaka 1945. Sisi aghalabu huita mabaki kile kisaliacho sahanini watu wakisha kula. Walakini hawa, ambao wengi wao hawakuwa tena na mzazi wala ndugu, walilitwaa neno hilo kuwa sharafu yao, na mwaka ule ule Rabi Abraham Klausner, wa jeshi la Marekani, akalitia juu ya daftari la majina ya walio hai, ili jamaa wapate kutafutana.

Kati ya kambi hizo, Bergen-Belsen ya Ujerumani ndiko kunakonistaajabisha zaidi. Jirani na makaburi walimofukiwa maelfu, watu waliofunguliwa humo kutoka mikononi mwa Wanazi Aprili 15, 1945, walianzisha shule, na kikundi cha tamthilia, na gazeti la Kiyidishi, Unzer Sztyme, yaani Sauti Yetu, ambalo hapo awali liliandikwa kwa mkono. Wakaoana, mjane kwa mjane, pasipo mzee wa kuwaozesha. Na kabla ya kambi kufungwa walikuwa wamezaliwa humo watoto zaidi ya 2,000, na kwa kuwa ada ya Mayahudi wa Ulaya ya Mashariki ni kumpa mtoto jina la jamaa aliyefariki, majina ya waliouawa yakaanza kuitwa tena.