Kabla ya Nyota ya Kwanza: Historia Fupi ya Maada ya Giza

Tumezoea kuziona nyota kila usiku hata tunadhani mbingu haikuwahi kukosa nyota. Wanafalaki wanasema sivyo. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi, na baada ya mwanga wa mwanzo kufifia, ulikaa gizani kwa mamilioni ya miaka. Je, ni kitu gani kilichokusanya gesi hadi nyota za kwanza zikawaka? Katika makala hii tutaeleza kwa ufupi jibu lilivyopatikana, na pale ambapo wataalamu bado wanabishana.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, mtaalamu wa Kiswisi aliyefanya kazi California, Marekani, alichunguza mwendo wa galaksi katika kundi liitwalo Coma. Aliona zinakwenda kasi mno, na uzito wa nyota zinazoonekana haukutosha kuzizuia zisitawanyike. Akasema lazima ipo maada ya giza, isiyotoa mwanga. Wachache tu walimjali.

Mwaka 1970 Vera Rubin na mwenzake Kent Ford walipima Andromeda, galaksi ile ile ambayo Abd al-Rahman al-Sufi wa Isfahan aliitaja kama kiwingu kidogo katika kitabu chake cha mwaka 964. Ilitarajiwa kuwa gesi ya pembezoni ingezunguka polepole, lakini kasi yake haikupungua. Kufikia miaka ya 1980, wataalamu wengi walikubali kuwa kuna uzito usioonekana. Leo inakadiriwa kuwa maada ya giza ni mara 5 hivi ya maada ya kawaida.

Sasa, hili linahusu vipi nyota za kwanza? Kwa miaka kama 380,000 ya mwanzo, gesi ya kawaida, yaani hidrojeni na heli, ilisukumwa na mwanga mkali, ikashindwa kujikusanya. Maada ya giza haisukumwi na mwanga, hivyo yenyewe ilitangulia kujirundika. Gesi ilipoachiliwa, ikateremkia kwenye marundo hayo kama maji ya mvua yanavyoteremkia bondeni. Humo ikapoa, ikabanana, ikawaka. Bila marundo hayo, gesi peke yake ingechelewa sana.

Mwaka 2018 Judd Bowman na wenzake, wakitumia antena yenye ukubwa wa meza huko Australia Magharibi, walitangaza kuwa wamenasa alama ya nyota za kwanza katika mawimbi ya redio, ya miaka milioni 180 hivi baada ya mwanzo. Alama hiyo ilionyesha gesi ya baridi kuliko ilivyotarajiwa. Rennan Barkana akapendekeza kuwa maada ya giza ndiyo iliyoipoza. Lakini mwaka 2022 wataalamu wa India, walioweka antena yao juu ya maji huko Karnataka, walisema hawakuiona alama hiyo.

Wazazi, tuwaonyeshe watoto wetu adabu hii ya elimu: aliyedai alileta vipimo, na aliyepinga naye akapima. Tukumbuke pia kuwa chuma kilichomo katika damu yetu na oksijeni tunayovuta vilitengenezwa ndani ya nyota, na nyota zile za kwanza ndizo zilizoanza kazi hiyo. Basi maada hii ambayo hakuna aliyeishika wala kuiona ina sehemu katika historia yetu sote.