Kupima Ardhi kwa Mwanga: Kituo cha Helwan

Jioni moja baada ya Isha mwanafunzi wangu alinionyesha nyota inayotembea juu ya Juba. Nikamwambia hiyo ni setilaiti. Akauliza, "Ustadh, walioko chini wanajuaje iko umbali gani?" Nikamwambia tuufuate mto wetu mpaka Misri.

Helwan iko kusini kidogo ya Cairo, kando ya Nile hii hii. Hapo mwaka 1974 wataalamu wa falaki wa Misri, wakishirikiana na wenzao wa Prague, walianza kupima umbali wa setilaiti kwa leza. Kazi yenyewe ilikuwa bado changa, kwani Wamarekani waliifanikisha kwa mara ya kwanza Oktoba 1964.

Leza hurusha mmweko mfupi sana wa mwanga, vioo vya setilaiti vinaurudisha kulekule ulikotoka, na saa inahesabu muda. Mwanga huenda kama kilomita 300,000 kwa sekunde, basi zidisha kwa nusu ya muda huo, utapata umbali. LAGEOS, iliyorushwa Mei 1976, ni tufe la sentimita 60 lenye vioo 426, halina betri wala redio. Liko kama kilomita 5,900 juu, na kazi yake ni kurudisha mwanga tu.

Wako wanaopenda kusema kila kitu kiligunduliwa na wazee wetu. Hapana, leza ya kwanza iliwaka Marekani mwaka 1960. Ila Ibn al-Haytham, aliyeishi Cairo na kufariki yapata mwaka 1040, alishughulika sana na swali la mahali mwanga unapogonga kioo ili ulifikie jicho.

Sasa, vituo vingi vikipima setilaiti moja, umbali kati ya vituo vyenyewe hujulikana, na mwaka baada ya mwaka huonekana unabadilika. Vipimo vya setilaiti vimeonyesha kwamba Afrika inasogea kaskazini-mashariki zaidi ya sentimita 2 kwa mwaka, na kwamba mashariki ya Bonde la Ufa inajitenga kwa milimita chache. Wazee wa hapa hawahitaji leza kuamini hayo: tarehe 20 Mei 1990 tetemeko lenye ukubwa wa zaidi ya 7 lilipiga karibu na Juba.

"Basi tangu siku ile tumesogea kiasi gani?" akauliza kijana. Tukapiga hesabu mchangani. Ilitoka karibu hatua moja ya mtu mzima.